Kufundisha maadili ya utafiti wa jeni za binadamu chuoni: anza na fomu ya ridhaa, Nuremberg isubiri

Chaki Nyeupe
Wakuu, uzi huu ni wa wanaofundisha maadili ya utafiti wa jeni za binadamu kwa wanachuo wa shahada ya kwanza: bailojia, maabara ya tiba, uuguzi, udaktari, hata sheria. Naweka mpangilio hapa, mje muupasue.

Tatizo linajulikana. Mhadhiri anafungua na Nuremberg 1947 (kanuni zilizotoka kwenye kesi ya madaktari wa Kinazi), anapita Helsinki 1964 (tamko la chama cha madaktari duniani), anagusa Tuskegee (weusi wa Marekani wenye kaswende walioachwa bila matibabu), anafika Belmont 1979 (ripoti ya Marekani) na kanuni zake tatu: heshima kwa mtu, kutenda mema na haki. Mwanachuo anakusanya madesa, anakariri, anapata B+. Mpe fomu ya ridhaa yenye kasoro tano, haoni hata moja, kwa sababu hajawahi kushika fomu mkononi.

Kwa hiyo anza kinyume. Tuseme darasa la watu 60, vipindi 8 vya saa mbili. Kipindi cha kwanza hakina mhadhara. Kila mmoja anapewa fomu ya kutunga, ukurasa mmoja na nusu, ya utafiti wa kisukari kijijini. Ndani yake panda sentensi hizi:

"Tutachukua mililita 10 za damu yako kwa utafiti wa kisukari na magonjwa mengine."
"Jina lako litaondolewa, hivyo hakuna mtu atakayeweza kukutambua."
"Hakuna madhara isipokuwa maumivu kidogo ya sindano."
"Unaweza kujitoa wakati wowote na taarifa zako zote zitafutwa."
"Kwa kushiriki utapata vipimo na matibabu bora."

Dakika 20 wasome kimya, kila mtu na kalamu yake. Dakika 30 vikundi vya watu sita sita. Dakika 40 darasa zima. Dakika 30 za mwisho kila kikundi kiandike upya sentensi mbili tu. Wakipewa zote tano wanalipua.

Mambo mawili huharibika hapa. Kwanza, wanasahihisha lugha badala ya maadili, wanahangaika na koma. Dawa yake ni fomu yenye Kiswahili safi kabisa, kasoro zibaki kwenye maana. Pili, kila mtu anasoma kama mtafiti. Wape viti: vikundi viwili viwe mshiriki, viwili ndugu wa mshiriki ambaye hakuulizwa, viwili mtafiti, viwili mjumbe wa kamati ya maadili, viwili mfadhili. Kiti cha ndugu ndicho kinachozaa. Sindano imeingia mkono wa mtu mmoja, lakini DNA yake nusu kaitoa kwa mama na nusu kwa baba, na ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja anagawana naye wastani wa nusu, hivyo majibu ya mmoja yanamsema na mwingine. Ile sentensi ya "hakuna madhara" inaporomoka hapohapo bila mwalimu kusema kitu.

Sentensi ya kujitoa inahitaji kusukumwa kidogo, hawaioni upesi. Damu iliyobaki kwenye friza ya nyuzi -80 inaweza kuteketezwa. Data zilizokwisha kugawiwa kwa watafiti wengine, au zilizoingia kwenye jumla iliyochapishwa, hazirudi. Fomu ya kweli inatenganisha hayo mawili na kutaja mpaka uko wapi.

Na "mililita 10" si lugha ya mtu. Ni vijiko viwili vya chai. Andika hivyo.

Kipindi cha pili ndipo inaingia kesi. Ninayopendekeza ni ya Wahavasupai, kabila dogo linaloishi Supai, ndani ya Grand Canyon kule Arizona. Kuanzia 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua damu yao. Wenyewe walielewa ni kwa ajili ya kisukari, kilichokuwa kikiwatafuna. Fomu ilikuwa na maneno mapana kuliko hayo. Damu ileile ikaja kutumika kwenye tafiti za skizofrenia (ugonjwa wa akili), za kuoana ndugu kwa ndugu, na za mababu kuhama kutoka Asia, jambo linalogongana na simulizi lao la asili yao. Mwaka 2003 Carletta Tilousi, wa kabila hilo, aliligundua kwenye utetezi wa tasnifu chuoni hapo. 2004 kesi ikafunguliwa, 2010 chuo kikakubali kulipa dola 700,000 kwa watu 41 na kurudisha damu iliyosalia.

Usiwaulize "nani alikosea?", watakuhubiria. Uliza: "Ni sentensi gani ya fomu, ikiandikwa upya, ingezuia kesi hii?" Watahangaika, kisha watagundua kwamba sentensi peke yake haitoshi: mdomo ulisema kitu kimoja, karatasi ikasema kingine, na watu waliuamini mdomo.

Mbishi Halali
Mwalimu, mpangilio mzuri, ila Nuremberg na Tuskegee ukizitupa kabisa watadhani kamati za maadili ni urasimu tu wa kuchelewesha watu.

Chaki Nyeupe
Hazitupwi mkuu, zinahamishwa. Ziweke kipindi cha tano, wakishakutana na kasoro kwa mikono yao. Hapo Tuskegee (1932 hadi 1972) inakuwa jibu la swali walilonalo tayari. Saa moja inatosha.

Mzee wa Kamati
Chaki, naomba nikukosoe mahali pamoja. "Na magonjwa mengine" umeihesabu kuwa kasoro kwa kauli fupi mno. Ridhaa pana si dhambi. Mwongozo wa 2016 wa CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi za tiba, unairuhusu, na mpango wa H3Africa wa utafiti wa jeni Afrika, ambao hadi ulipofungwa 2022 ulikuwa na benki za sampuli Nigeria, Afrika Kusini na Uganda, uliitegemea sana. Utafiti wa jenomu (DNA yote ya mtu) hauwezi kumrudia mshiriki kila swali jipya linapozuka. Wengine watakuwa wamehama, wengine wamefariki.

Kasoro ni ridhaa pana isiyo na mlinzi. Wanafunzi waulizwe fomu inajibu haya: tafiti za aina gani zinaruhusiwa na zipi zimekatazwa waziwazi, nani anaidhinisha matumizi mapya, na je, kuna mwakilishi wa jamii kati yao, sampuli zinakaa wapi na kwa miaka mingapi, mshiriki anasikiaje kwamba damu yake imetumika tena. Fomu ikiyajibu hayo, "magonjwa mengine" inavumilika. Isipoyajibu, ni hundi tupu iliyosainiwa.

Zoezi zuri: wape fomu mbili, moja finyu na moja pana yenye mlinzi, uwaambie wachague kwa niaba ya bibi yao. Nimesema bibi kwa makusudi. Wakichagulia "mshiriki" wanakuwa wepesi sana.

Chaki Nyeupe
Nakubali mzee. Nitabadilisha: sentensi ibaki, lakini swali liwe "nini kinakosekana baada yake?"

Dada Pipeti
Mimi nakuja na onyo moja kubwa: msitumie damu wala mate ya wanafunzi wenyewe.

Najua inavutia. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliwaandalia wanafunzi wapya wapatao 5,500 vifaa vya kujipangusa shavuni ili wapimwe jeni tatu: inayohusu laktosi ya maziwa, inayohusu pombe na inayohusu foleti (vitamini). Jeni zilichaguliwa kwa kuonekana hazina madhara. Agosti mwaka huohuo idara ya afya ya jimbo ikasema majibu ya mtu mmoja mmoja hayaruhusiwi kutolewa na maabara isiyo na leseni ya vipimo vya kitabibu. Wakaishia kuonyesha matokeo ya jumla tu. Kesi hiyo yenyewe ifundisheni, ni yenu kabisa: watafiti ni walimu, washiriki ni wanafunzi, na anayeomba ridhaa ndiye anayetoa alama.

Hizo jeni "zisizo na madhara" ziangalieni kwa karibu. Ya maziwa: kipimo cha Wazungu kinatazama badiliko lililo nafasi ya -13910, yaani herufi 13,910 za DNA kabla ya jeni ya laktesi, kimeng'enya kinachovunja laktosi. Utafiti uliotoka 2007 kwa Watanzania, Wakenya na Wasudani ulionyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wengi wana badiliko jingine, -14010. Mpime Mmasai kwa kipimo cha -13910 utamwambia hawezi maziwa, na yeye kakulia kwenye maziwa. Kosa la kisayansi limekuwa kosa la kimaadili hapohapo.

Kundi la damu ni baya zaidi. Ndilo zoezi la kawaida, kitone kwenye kigae na dawa ya anti-A na anti-B. Mwanafunzi anapata O, anapiga simu nyumbani, baba ni AB. Kwa mafunzo ya kidato cha nne hilo haliwezekani, kwa hiyo binti ameshahitimisha kuhusu mama yake kabla ya chakula cha mchana. Ukweli ni kwamba kigae kinasomwa vibaya kila siku: dawa imekaa nje ya friji, tone la damu kubwa kupita la dawa, mtu kasoma baada ya dakika kumi kitone kimekauka na kuonekana kimeganda. Na "baba ni AB" inatoka kwenye kadi ya zamani isiyojulikana nani aliiandika.

Mbishi Halali
Dada, lakini mwanafunzi asipogusa kilicho chake hajifunzi. Kila kitu kikiwa cha kutunga, ni mchezo wa kuigiza.

Dada Pipeti
Stanford, mwaka huohuo wa 2010, walifungua kozi ya jenomu binafsi, mwanafunzi akachagua mwenyewe: atumie data zake au data za mtu zilizowekwa wazi mtandaoni. Hata hivyo chaguo hilo lina thamani tu kama mwalimu hajui nani kachagua nini. Darasa la watu 60 linalokaa bweni moja, siri hiyo inadumu siku mbili.

Kwa mikono, toeni DNA ya ndizi: ndizi mbivu nusu, sabuni ya maji, chumvi, spiriti iliyokaa kwenye friza. Nyuzi nyeupe zinapanda wanaziona. Kwa maadili, tumieni familia ya kutunga. Hii hapa, ichukueni:

Mtoto wa miaka mitatu yumo kwenye utafiti wa selimundu. Kipimo cha himoglobini kinasoma SS (S mbili, moja kwa kila mzazi, yaani anaumwa). Mama AS (ana S moja, haumwi). Baba anasoma AA (hana S). Mwanafunzi ni msaidizi wa utafiti na karatasi ziko mezani kwake. Afanye nini?

Darasa zima litasema: "Baba si baba." Waache waseme. Kisha uliza: nini kingine? Wanapaswa kuorodhesha angalau mambo manne. Mirija imebadilishana lebo. Kipimo kimesomwa vibaya. Mtu kati yao aliongezewa damu karibuni, hivyo kilichopimwa ni damu ya mchangiaji. Na la nne, wanalolikosa karibu wote: baba anaweza kuwa na jeni ya thalasemia ya beta, kasoro nyingine ya kurithi inayopunguza au kuzuia sehemu ya himoglobini iitwayo beta. Mtu huyo kwenye elektroforesisi ya kawaida (kipimo kinachotenganisha himoglobini kwa umeme) anaonekana AA, ila HbA2 yake, aina ya himoglobini ambayo kwa kawaida ni kidogo, iko juu, zaidi ya asilimia 3.5, na chembe nyekundu zake ni ndogo. Mtoto akichukua S kwa mama na thalasemia isiyotengeneza beta kabisa kwa baba, hana HbA (himoglobini ya kawaida) hata kidogo, kwa hiyo anasomeka kama SS. Baba ni baba halali na karatasi inamsingizia mama.

Hapo darasa linanyamaza vizuri sana.

Baada ya hapo ndipo maadili yanaanza: kwanza sampuli mpya na kipimo kirudiwe, pili HbA2 na ukubwa wa chembe, na kabla ya yote hayo, itifaki (mpango wa utafiti ulioandikwa) ilisema nini? Swali la uzazi linaamuliwa kabla ya kuchukua damu ya kwanza, haliamuliwi siku karatasi ziko mezani. Kawaida itifaki husema taarifa za uzazi hazitatolewa kwa yeyote, na fomu humwambia mshiriki hivyo tangu mwanzo.

Mwanapwani
Waalimu, mmenipa hamu. Kuna kesi ya kwetu hasa ambayo sijaona watu wakiifundisha: DNA ya makaburi ya Waswahili.

Machi 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa watu 80 waliozikwa pwani na sehemu moja ya bara, wengi kati ya mwaka 1250 na 1800: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara, Lindi, na Makwasinyi kule bara. Miongoni mwa waandishi ni mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na mtaalamu wa jeni David Reich. Matokeo yake ni kwamba wengi wa wale wa pwani walikuwa na asili mbili. Upande wa Afrika umepita zaidi kwa wanawake. Upande wa Asia umepita zaidi kwa wanaume, mwingi wake wa Uajemi na kidogo wa India, na mchanganyiko huo ulianza kwenye mwaka 1000 hivi. Asili ya Uarabuni inaongezeka baadaye, baada ya 1500.

Sasa wekeni hiyo mezani kwa wanachuo wa Mombasa, Zanzibar au Dar, halafu mshike viti. Wapo watakaosema tarihi ya Kilwa, inayosimulia waanzilishi Washirazi kutoka Uajemi, imethibitishwa. Wapo watakaosema Uswahili umegeuzwa Uajemi. Kipindi kikiachwa kiende hivyo kinaisha kwa kurushiana maneno ya nani Mswahili nani si Mswahili.

Kukizuia kisiende huko, andika ubaoni kabla ya yote: asili ya DNA si kabila, si lugha, si dini. Lugha ni ya Kibantu iwe DNA imesema nini. Halafu maswali matatu kwa mpangilio huu.

La kwanza: waliopimwa ni nani? Makaburi mengi yalikuwa ya watu wa tabaka la juu. Wavuvi, wakulima na watumwa hawako humo kwa uwiano wao. Kwa hiyo "Waswahili walikuwa hivi" ni sentensi ambayo data haziwezi kuibeba. "Waliozikwa hapa walikuwa hivi" inabebeka. Wape vichwa vya habari vya kutunga vitano wavipange kutoka kinachobebeka hadi kisichobebeka.

La pili: maiti hawezi kuridhia, nani anaridhia? Kibali cha serikali cha kuchimba ni kitu kimoja. Wazee wa mtaa, msikiti na familia zinazojitambulisha na makaburi hayo ni kitu kingine. Kwa Mwislamu kaburi lina hukumu zake, mifupa ikitolewa lazima pawe na neno la lini na vipi inarudi. Kikundi kiandike masharti ya kutoka kwa wazee, yasizidi matano. Watashangaa jinsi yalivyo ya vitendo: kiasi gani cha mfupa kinasagwa (ni miligramu kadhaa za unga, mara nyingi kutoka mfupa mgumu wa sikio la ndani au jino), nani anakaa na kilichobaki, nani anasikia matokeo kabla ya gazeti.

La tatu: walio hai wanaguswaje? Hapa linganisheni na Wasan, jamii ya asili ya wawindaji wa kusini mwa Afrika. 2010 ulichapishwa utafiti wa jenomu za wazee wanne wa kusini mwa Afrika wa jamii hiyo, pamoja na Askofu Mkuu Desmond Tutu. Viongozi wa Wasan wakalalamika kwamba wao kama jamii hawakushirikishwa. Machi 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe za utafiti, zenye maneno matano ya msingi: heshima, ukweli, haki, kujali, na kufuata utaratibu. Ni fupi, zinasomeka darasani kwa dakika kumi.

Mbishi Halali
Sheikh, kwa darasa la kutoka bara tupu hiyo itapita bila moto wowote.

Mwanapwani
Ndiyo, na ni afadhali. Moto kidogo unatosha.

Jedwali
Naongeza la data, maana ndipo wanafunzi wanapojidanganya zaidi. Ile sentensi ya "jina lako litaondolewa".

Tengeneza jedwali la mistari 80 ya watu wa kutunga. Safu ni kata, mwaka wa kuzaliwa, jinsi, kazi, idadi ya watoto, pacha au la, na matokeo ya jeni. Hakuna majina. Wape kidokezo kimoja, kama vile unavyojua mambo ya jirani: mkunga mstaafu ana pacha. Wapeni dakika kumi, watamfikia, na safu ya mwisho wameshaisoma. Kisha wakarabati: miaka iwe ya makundi ya kumi, kata ziwe wilaya, safu ya kazi na ya pacha ziondoke, mpaka kila mchanganyiko uwe na watu watano au zaidi. Mwisho wahesabu walichopoteza. Mtafiti aliyetaka kujua kama kazi ya shamba inahusiana na ugonjwa hawezi tena. Hicho ndicho kiini: usiri una gharama, na mtu lazima aamue nani anailipa. Mistari ikiwa pungufu ya 60 zoezi linakwama, makundi ya watano hayapatikani bila kufuta karibu kila kitu.

Upande wa DNA yenyewe, 2013 kikundi cha mtafiti wa jeni Yaniv Erlich kilionyesha kwamba kutoka data za wazi kiliweza kuwatambua karibu watu 50 wa familia za Utah. Walisoma alama za kromosomu Y, wakazilinganisha na tovuti za kutafuta ukoo, wakapata jina la ukoo, wakaongeza umri na jimbo. Basi.

Wanafunzi wetu hupenda kujibu kwamba huku haiwezekani, kwa kuwa Juma Hamisi Bakari jina lake la tatu ni la babu na linabadilika kila kizazi, halifuati kromosomu Y kwa karne. Hoja nzuri, wapongezeni. Halafu waulizeni: mtu ana shangazi Toronto aliyetuma mate kwenye kampuni ya kupima asili, je? Kampuni ya 23andMe ilivujisha taarifa za watu milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa muflisi, data zikawa mali ya kuuzwa. Ndugu aliyeko nje anatosha. Na Waluhya wa Webuye, Kenya, wamo kwenye mradi wa Jenomu 1000, mkusanyo wa kimataifa wa DNA za watu, data zake ziko wazi mtandaoni kwa ridhaa inayoruhusu hivyo.

Mkitaka kuunganisha na kile kiti cha ndugu: Iceland 1998 ilitunga sheria ya kukusanya rekodi za afya za watu wote isipokuwa aliyejitoa. Binti mmoja akataka za marehemu baba yake zisiingie. 2003 Mahakama ya Juu ikampa haki, kwa kuwa taarifa za baba zinamsema na yeye.

Mzee wa Kamati
Sheria na vibali, kwa ufupi, maana wanafunzi huvichanganya.

Tanzania: kibali cha maadili cha taifa kinatoka kwenye kamati iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), na ni cha mwaka mmoja, unaomba upya. Kibali cha kufanya utafiti ni cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Ni vitu viwili. Sampuli ikitoka nje ya nchi kunahitajika mkataba wa kuhamisha sampuli juu ya hayo. Ipo Sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayozihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inafanya vivyo hivyo, na leseni ya utafiti ni ya NACOSTI (tume ya sayansi ya Kenya).

Kosa la kudumu kwenye mitihani: "Itifaki ya Nagoya inalinda damu yetu." Hailindi. Ni mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali za jeni, na inahusu mimea, wanyama na vijidudu. Jeni za binadamu ziko nje yake. Ndiyo maana ule mkataba wa kuhamisha sampuli unabeba mzigo wote.

Kwa hiyo wapeni mkataba wa kurasa mbili wenye mashimo: mirija 500 ya damu inaenda maabara ya Ulaya, haukusema kinachobaki kinafanywa nini, haukutaja muda, haukutaja nani ni mwandishi wa makala, haukusema kama maabara inaweza kumpa mtu wa tatu. Waandike vifungu vinne. Vikundi viwili vikae meza moja, kimoja Dar kimoja Ulaya, wajadiliane dakika 40. Wa Dar huanza kwa kudai kila kitu na kutoka na kidogo, kwa sababu hawakujua watakachokataa kuachia. Wakumbusheni: mambo mawili ya kufa nayo, mengine ya kubadilishana.

Na ili wasidhani muhuri wa kamati ni mwisho wa mambo, wapeni kesi ya He Jiankui, mtafiti wa China aliyehariri jeni za watoto kabla hawajazaliwa, 2018. Fomu yake ya kurasa 23 iliuita mradi utengenezaji wa chanjo ya UKIMWI, wakati ni kuhariri jeni ya CCR5, inayotengeneza mlango ambao VVU huingilia kwenye seli, ya viinitete (mimba changa kabisa). Mahakama ilisema nyaraka za kibali cha maadili zilighushiwa. Miaka mitatu jela na faini ya yuan milioni 3. Swali la darasani: baba alikuwa na VVU, mama hana, kuosha mbegu za baba kulishazuia maambukizi tayari. Basi watoto walipata faida gani?

Mbishi Halali
Na mtihani? Maana mkishamaliza haya yote, mtihani ukiuliza "Taja kanuni tatu za Belmont" mmerudi mlikotoka.

Chaki Nyeupe
Mtihani uwe wa kufungua madaftari. Alama 100: 30 kuandika upya fomu, 25 mkataba wa sampuli, 25 kesi ya familia, 20 swali moja la kuandika. Msimamo wa mwanafunzi usipewe alama. Wapewe kwa kutaja nani anaguswa, kwa ushahidi gani, na wangefanya nini Jumatatu asubuhi. Kuzuia kudesa, badili jambo moja katika kila nakala: kwenye moja mtoto ana miezi sita, kwenye nyingine ana miaka 16 na anauliza mwenyewe. Majibu hayawezi kufanana.

Swali la kuandika ninalolipendekeza ni la selimundu. Tiba ya kuhariri jeni, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, bei ya Marekani dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Tanzania ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Mtafiti anaomba damu ya watoto hao kuboresha tiba ya namna hiyo. Fomu iseme nini kuhusu faida? Anayejibu "jamii itanufaika" bila kusema lini na kwa njia gani, nusu ya alama.

Dada Pipeti
Kabla hamjafunga, lugha. Fomu nyingi zinatafsiriwa na mtu mmoja usiku mmoja. Fundisheni utaratibu: mtu wa kwanza anatafsiri, wa pili asiyeona ya asili anairudisha lugha ya kwanza, wanalinganisha, kisha watu watano au sita wa kawaida wanasomewa na kuambiwa waeleze kwa maneno yao. Swali lisiwe "umeelewa?", kila mtu atasema ndiyo. Liwe "ukienda nyumbani, utamwambia mumeo wamechukua damu ya nini?"

Maneno yanayoteleza: "kuchangia damu" mtu anasikia benki ya damu, anadhani atamwokoa mgonjwa. "Kupima" anasikia atapewa majibu. "Mradi" anasikia fedha.

Mwanapwani
Na lenyewe "vinasaba", dada. Limetoka kwenye nasaba, ukoo wa mtu. Mtaani "kwenda kupima DNA" ni kwenda kujua mtoto ni wa nani, ndiyo kazi ya Mkemia Mkuu wanayoisikia redioni. Fomu ikisema "tutapima vinasaba vyako na vya mtoto wako", baba hasikii selimundu. Anasikia kesi.

Dada Pipeti
Hapo umegonga penyewe. Basi sentensi iwekwe wazi juu kabisa, kabla ya ile ya sindano: "Kipimo hiki hakifanywi ili kujua baba wa mtoto, na hatutatoa jibu la namna hiyo kwa mtu yeyote." Wanafunzi waijaribu kwa watu sita nje ya darasa, yenye sentensi hiyo na isiyo nayo, walete walichoambiwa.

Chaki Nyeupe
Inaingia kipindi cha kwanza, pale pa dakika 30 za mwisho. Fomu ya mfano nitaipandisha hapa ikishaongezwa hiyo pamoja na mlinzi wa mzee.